Diski ya Nakala Rudufu Inapogoma: Dalili Zinazotokana na Mfumo wa Mafaili

Diski ya nje inapogoma kupokea nakala rudufu, mwenye diski kwa kawaida huamua mojawapo ya mambo mawili: ama huihukumu kwamba imekufa, ama huifomati upya papo hapo akitumaini kwamba itapona. Uamuzi wote wawili hufanywa mapema mno. Katika diski nyingi ninazoletewa mezani, kasoro haiko kwenye chuma wala kwenye waya, bali iko kwenye mfumo wa mafaili ambao diski ilianza nao kazi, na mara nyingi hakuna aliyeuchagua, kwa sababu diski ilitoka dukani ikiwa tayari imefomatiwa. Mfumo wa mafaili ni utaratibu wa kuandika faili liko wapi kwenye diski, lina ukubwa gani, ni la nani na lilibadilishwa lini. Diski ileile, ikifomatiwa kwa FAT32, exFAT au NTFS za Microsoft, ext4 ya Linux au APFS ya Mac, huwa kama ghala moja linalokabidhiwa watunza stoo watano kwa zamu, kila mmoja akija na daftari lake na masharti yake.

Kabla ya kufuata dalili yoyote hapa chini, jua kwanza diski yako ina mfumo gani. Kwenye Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya diski, fungua sifa zake, nawe utaona jina la mfumo likiwa limeandikwa juu ya mchoro wa nafasi. Kwenye Linux amri ya `lsblk -f` inatosha, na kwenye Mac utatumia `diskutil info` ikifuatiwa na jina la sehemu ya diski, au programu ya Disk Utility. Kazi hiyo haimalizi dakika moja, na inakuepusha na kutibu homa kwa dawa ya minyoo.

## Faili kubwa linakataliwa ilhali nafasi ipo tele

Mpiga video wa harusi ana flashi ya GB 128, imetumika robo tu, lakini kila anapojaribu kuweka faili la sherehe nzima kompyuta inamwambia kwamba faili ni kubwa kupita kiasi. Anafuta vitu, anajaribu tena, jibu ni lilelile. Wakati mwingine haoni hata ujumbe: programu ya nakala rudufu inaandika mpaka mahali fulani kisha inasimama, ikiacha faili lisilofunguka lenye ukubwa wa karibu GB 4.

Namba hiyo ya 4 ndiyo inayotaja ugonjwa. FAT32, iliyoingia pamoja na toleo la pili la Windows 95 mwaka 1996, huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti hizo ni baiti 4,294,967,295. Hakuna mpangilio wa kubadilisha wala programu ya kuongeza. Hata kamera zinazorekodi kwenye kadi za FAT32 huukata mkanda mrefu vipande vipande kwa sababu hiyohiyo.

Ikiwa diski inatumika kwenye Windows peke yake, amri ya `convert E: /fs:ntfs` itaigeuza kuwa NTFS bila kufuta kilichomo, mradi uweke herufi ya diski yako mahali pa E. Hata hivyo, kigeuzi hicho huenda upande mmoja tu, hakina njia ya kurudi FAT32, na hakigusi diski za exFAT. Katika hali nyingine zote hamisha kilichomo, kisha ufomati. Ikiwa flashi hiyo ndiyo pia unayochomeka kwenye redio ya gari au king'amuzi cha televisheni, ambavyo vingi huielewa FAT32 pekee, basi iache iendelee na muziki wake na utafute chombo kingine cha nakala rudufu.

## Diski inafunguka, lakini haiandikiki

Hapa kuna visa viwili vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kwa asili.

Kisa cha kwanza ni cha Mac. Diski ya NTFS ikichomekwa kwenye Mac hufunguka vizuri, picha zinaonekana, nyaraka zinasomeka, lakini huwezi kuweka faili jipya, kubadilisha jina wala kufuta. Si hitilafu, macOS husoma NTFS bila kuiandikia. Zipo programu za kulipia zinazoongeza uwezo huo, na kwa mtu anayehitaji kuandika mara moja moja zinafaa, lakini mimi sipendi nakala rudufu ya mtu itegemee programu ya kampuni nyingine ambayo inaweza kukoma kufanya kazi siku mfumo wa kompyuta unaposasishwa.

Kisa cha pili ni cha Linux, na ndicho kinachowachanganya watu kwa sababu jana kilikuwa hakipo. Linux inaweza kuiandikia NTFS kwa muda mrefu sasa, kwanza kupitia programu ya ntfs-3g na, tangu kernel (kiini cha Linux) ya 5.15 ya mwaka 2021, kupitia kiendeshi kilichomo ndani ya kernel yenyewe. Lakini diski iliyoandikiwa jana inagoma leo, ama kwa kufunguka kwa kusoma tu, ama kwa kukataa kufunguka kabisa huku ikidai kwamba Windows imelala. Chanzo chake ni utaratibu wa Windows wa kuwaka haraka, ambao unapobonyeza kuzima hauifungi kompyuta kikamilifu bali huhifadhi hali ya mfumo ili asubuhi iwake upesi. Diski iliyochomolewa katika hali hiyo, bila kuagizwa itoke, hubaki na alama inayosema kwamba kazi haijakamilika, na Linux, kwa busara kabisa, haitaki kuandika juu ya daftari ambalo mwenzake hajalifunga.

Dawa sahihi iko upande wa Windows. Irudishe diski pale, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, endesha `chkdsk E: /f`, kisha itoe diski kwa utaratibu. Ili tatizo lisijirudie, zima utaratibu wa kuwaka haraka kwa `powercfg /h off`, au uwe na mazoea ya kuchagua kuwasha upya badala ya kuzima unapotaka kuhamia Linux, kwa sababu kuwasha upya huifunga Windows kikamilifu. Linux nayo ina amri ya `ntfsfix`, ambayo huiondoa ile alama na kurekebisha mambo machache, lakini haichunguzi diski kama `chkdsk` inavyofanya. Kuitumia kila siku ni kufuta alama ya onyo bila kulitazama linaloonywa.

## Kompyuta inakutaka uifomati diski kabla ya kuitumia

Ujumbe huu ndio uliowapotezea watu picha nyingi kuliko virusi. Unachomeka diski, kompyuta ya Windows inakuambia kwa upole kwamba lazima uifomati ndipo uitumie, na kitufe cha kukubali kiko tayari chini ya kidole chako. Usikibonyeze. Ujumbe huo hausemi kwamba diski ni tupu wala kwamba imekufa. Unasema tu kwamba Windows haikuelewa ilichokikuta.

Na inaweza kuwa haikuelewa kwa sababu ya kawaida kabisa. Diski iliyofomatiwa kwa ext4 ya Linux, au kwa HFS+ na APFS za Mac, au iliyofungwa kwa usimbaji wa LUKS unaotumika kwenye Linux, huonekana kwenye Windows kama kitu kigeni, ingawa ni nzima na imejaa kazi ya mtu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye diski si kwamba imefanya nini, bali kwamba mara ya mwisho ilichomekwa kwenye kompyuta gani. Niliwahi kuletewa diski ambayo fundi wa duka fulani alikwisha kumwambia mwenyewe kwamba data zote zimepotea na kwamba ifomatiwe kwa bei nafuu; nilipoichomeka kwenye kompyuta yenye Linux ilifunguka bila neno, ikiwa na miaka minne ya hesabu za biashara ndani. Ilikuwa ext4, na duka lilikuwa na Windows tu.

Ikiwa diski ilikuwa ikisomeka kwenye kompyuta hiyohiyo hadi jana, hali ni nyingine. Fungua programu ya usimamizi wa diski. Ukiona neno RAW mahali ambapo palikuwa na exFAT au NTFS, basi sehemu za mwanzo za mfumo wa mafaili zimeharibika. Hapo usiandike chochote juu ya diski hiyo, hata faili dogo la majaribio. Ikiwa inatoa mlio wa kugonga, au inachukua dakika kadhaa kuonekana, nakili kwanza diski nzima kwenda diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi kwa kutumia `ddrescue`, na majaribio yote ya kuokoa yafanyike kwenye nakala. Ikiwa haina dalili za kuumia kimwili, programu huru ya TestDisk mara nyingi huweza kulirudisha jedwali la sehemu za diski au sekta ya mwanzo, na mwenzake PhotoRec huokoa mafaili kwa kuyatambua kwa umbo lake, ingawa hairudishi majina wala folda.

## Mafaili yametoweka baada ya umeme kukatika au waya kuchomoka

Kuhusu jambo hili nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo linalonifanya nitofautiane na ushauri unaotolewa sana, kwamba exFAT ifomatiwe kwenye kila diski kwa kuwa inasomeka kila mahali.

Ni kweli kwamba inasomeka karibu kila mahali. Microsoft iliitoa mwaka 2006, Mac zinaiandikia tangu Mac OS X 10.6.5 ya mwaka 2010, na baada ya Microsoft kuchapisha maelezo yake hadharani mwaka 2019, Linux nayo iliiingiza ndani ya kernel. Haina kikomo cha GB 4. Kwa kubeba mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine, sijui chaguo bora kuliko hilo. Lakini exFAT haina daftari la mabadiliko, na hapo ndipo nakala rudufu inapoingia hatarini.

Fikiria kinachotokea unapohifadhi faili. Kompyuta haiandiki mahali pamoja. Inaandika maudhui, inaweka alama kwamba sehemu fulani za diski sasa zimekaliwa, na inaongeza jina la faili kwenye folda yake. Mifumo yenye daftari, yaani NTFS tangu mwaka 1993, ext4, na HFS+ iliyowashiwa daftari, kwanza huandika pembeni kwamba inakusudia kufanya mabadiliko haya na haya, ndipo inayafanya. Umeme ukikatika katikati, mfumo unapowaka tena husoma ile kumbukumbu na ama humalizia ama hutangua. APFS hufikia lengo hilohilo kwa njia nyingine: haiandiki juu ya rekodi ya zamani, bali huandika mpya pembeni, kisha huhamia huko kwa hatua moja. Katika mifumo yote hii, faili lililokuwa likiandikwa dakika hiyo linaweza kupotea, kwa maana daftari kwa kawaida hulinda mpangilio na si maudhui, lakini yale maelfu yaliyohifadhiwa mwezi uliopita hayaguswi.

Kwenye exFAT na FAT32 hakuna kumbukumbu hiyo. Pigo likianguka kati ya hatua ya pili na ya tatu, diski hubaki na nafasi zilizokaliwa zisizo na mwenyewe. Likiangukia kwenye rekodi za folda, folda nzima inaweza kuonekana tupu au kujaa majina yasiyosomeka. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, au ambapo diski imening'inia kwa waya mfupi pembeni ya meza anapopita mtoto, hilo hutokea mapema kuliko mtu anavyodhani. Kompyuta mpakato ina betri yake, ndiyo, lakini diski kubwa za mezani zenye adapta yake ya umeme hazina, nazo huzimika hapohapo umeme unapokwenda hata kama kompyuta inaendelea kuwaka.

Yakikupata, kwanza usinakili kitu kipya. Kwenye Windows endesha `chkdsk E:` bila kuongeza `/f`, ili isome na kutoa taarifa bila kurekebisha, nawe uone ukubwa wa uharibifu. Ikiwa mafaili muhimu bado yanasomeka, yahamishe kwanza kwingine, kwa maana zana za kurekebisha huijali diski iwe na mpangilio sahihi, hazijali kama picha za mahari zitakuwamo au hazitakuwamo. Baada ya hapo ndipo urekebishe, au afadhali ufomati kwa mfumo wenye daftari.

Kwenye Mac dalili huja kwa sura nyingine: diski ya exFAT iliyochomolewa vibaya haionekani kabisa, na mwenyewe anadhani imekufa, kumbe kompyuta imeanza kuikagua kimyakimya. Fungua programu ya kuonyesha kazi zinazoendelea, yaani Activity Monitor, utafute `fsck_exfat`. Ukiikuta, subiri. Kwa diski ya TB kadhaa yenye mafaili mengi, ukaguzi huo unaweza kuchukua muda mrefu sana, na kuichomoa tena kwa kukosa subira ni kuanza upya safari ileile.

## Nafasi inaisha kabla ya wakati

Nianze na lisilo tatizo. Diski iliyoandikwa TB 1 huonekana kwenye Windows kuwa na GB 931 kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024. Hakuna aliyekuibia.

Lakini ikiwa folda ya GB 1 imekula GB 25 kwenye diski ya nakala, tazama ukubwa wa klasta. Kila mfumo hugawa diski katika vyumba vidogo vya ukubwa sawa, na kwenye exFAT na FAT32 faili hata likiwa na herufi kumi huchukua chumba kizima. NTFS kwenye diski za kawaida hutumia klasta za KB 4. exFAT kwenye diski inayozidi GB 32 hufomatiwa na Windows kwa klasta za KB 128. Mtayarishaji wa tovuti mwenye mafaili 200,000 ya KB 4 kila moja ana mzigo wa kama MB 800 kwenye NTFS. Mzigo huohuo kwenye exFAT ya kawaida unakaribia GB 25. Kwa video tofauti hii haionekani. Kwa mradi wa programu au sanduku la barua pepe zilizohifadhiwa moja moja, inatisha. Unaweza kuchagua klasta ndogo wakati wa kufomati, au kuyafunga mafaili madogo ndani ya faili moja la kumbukumbu kabla ya kuyapeleka.

Mac inaongeza chumvi juu ya hapo. Kwa kuwa exFAT na FAT32 hazina mahali pa kuweka taarifa za ziada ambazo macOS huzibandika kwenye mafaili, kompyuta hiyo huziandika katika faili la pembeni ambalo jina lake huanza na `._`, na kila moja la hayo nalo hudai klasta yake. Ndiyo maana mtu wa Windows akipokea flashi kutoka kwa mtu wa Mac huona kila picha ikiwa na pacha asiyefunguka.

Kwenye ext4, asilimia 5 ya nafasi hutengwa kwa ajili ya mtumiaji mkuu wa mfumo, jambo lenye maana kwenye diski inayowasha kompyuta lakini lisilo na faida kwenye diski ya nakala. Kwa diski ya TB 4 hiyo ni GB 200 zilizokaa bure, na amri ya `tune2fs -m 0 /dev/sdb1`, ukiweka jina sahihi la sehemu yako, huzirudisha bila kugusa data. Na ikiwa diski ya TB 4 inaonyesha TB 2 tu, tatizo liko chini zaidi ya mfumo wa mafaili: imegawanywa kwa jedwali la zamani la MBR, ambalo kwenye sekta za baiti 512 halifiki mbali zaidi ya hapo. Igawanye upya kwa jedwali la kisasa la GPT, ukijua kwamba hatua hiyo inafuta kila kitu.

## Nakala nzima inarudiwa kila siku ingawa hakuna kilichobadilika

Programu kama rsync huamua faili gani linakiliwe kwa kulinganisha ukubwa na saa ya mabadiliko. FAT32 huandika saa hiyo kwa hatua za sekunde 2, hivyo faili lililobadilishwa saa 4:15:07 huenda likarekodiwa kuwa la saa 4:15:06, na kesho programu itaona tofauti ya sekunde moja na kulibeba tena. Chaguo la `--modify-window=1` huiambia rsync iipuuze tofauti hiyo.

Tofauti ikiwa ni saa 3 kamili, sababu ni nyingine inayotuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. FAT32 huandika saa ya ukutani bila kusema ni ya eneo gani. Kompyuta moja ikiandika kwa saa za Dar es Salaam au Nairobi, na nyingine ikizisoma kana kwamba ni za UTC, yaani saa ya kimataifa, kila faili kwenye diski linaonekana limesogea saa 3, na nakala nzima inaanza upya. exFAT hurekodi tofauti ya eneo pamoja na saa, na NTFS na ext4 hurekodi UTC moja kwa moja, kwa hiyo hazina maradhi haya.

## Majina yanakataliwa, au ruhusa zimepotea baada ya kurejesha

Mtumiaji wa Linux anaweza kuliita faili `Kikao 14:30.odt` bila shida, kisha akashangaa diski ya exFAT ikilikataa. Nukta pacha, alama ya kuuliza, nyota, alama za kunukuu, mabano yenye pembe na mstari wima havikubaliki huko. Tena exFAT haitofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo `Ripoti.txt` na `ripoti.txt` zilizoishi pamoja kwa amani kwenye ext4 zitagombania jina moja, na asiyeangalia atapoteza moja.

La ruhusa ni baya zaidi kwa sababu hujitokeza siku ya kurejesha, wakati ambapo nakala ya asili haipo tena. exFAT na FAT32 hazihifadhi mwenye faili wala nani anaruhusiwa kulisoma. Ukinakili folda yako yote ya Linux huko na kuirudisha, mafaili yote yanarudi na ruhusa za aina moja. Utaligundua hilo pale SSH, programu ya kuingilia kompyuta za mbali, itakapokataa kutumia ufunguo wako wa siri ikisema uko wazi mno. Amri ya `chmod 600` itautibu ufunguo huo mmoja, lakini seva yenye maelfu ya mafaili hutaitibu kwa mkono. Kama lazima utumie exFAT, funga kila kitu ndani ya faili la `tar`, ambalo hubeba ruhusa ndani yake.

Kinyume chake pia hutokea. Diski ya ext4 au NTFS iliyotoka kompyuta nyingine inaweza kukunyima ruhusa ya kufungua folda zako mwenyewe, kwa sababu inamtambua mwenye faili kwa namba yake na si kwa jina au sura. Kwenye Linux ni kazi ya `chown`, na kwenye Windows ni `takeown` ikifuatiwa na `icacls`.

## Time Machine inataka kuifuta diski

Hiyo ndiyo kawaida yake. Time Machine, programu ya nakala rudufu ya Mac, haikubali exFAT wala NTFS. Tangu macOS Big Sur ya mwaka 2020 diski mpya huandaliwa kwa APFS, ingawa nakala za zamani zilizo kwenye HFS+ zinaweza kuendelea. Mpe diski yake peke yake.

## Dalili zinazosingiziwa mfumo wa mafaili

Flashi ya "TB 2" iliyonunuliwa kwa bei ya soda mbili, ambayo mafaili ya mwanzo yanafunguka na yanayofuata yote ni mabovu, haihitaji kufomatiwa. Chipu yake ndogo imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake. Ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, ambazo huijaza kisha huisoma tena, nawe urudi dukani na matokeo mkononi.

Diski inayoanza kwa kasi kisha ikashuka hadi MB chache kwa sekunde baada ya GB kadhaa huenda ni ya teknolojia ya SMR, ambamo njia za kuandikia zimepandana kama vigae, na kuandika upya moja hulazimu kuandika na za jirani. Kwa nakala ya usiku inavumilika. Na kabla ya yote hayo, badilisha waya na tundu la USB.

## Basi uchague upi

Kompyuta zote zikiwa za Windows, chagua NTFS bila kusita. Hata ile nakala ya picha ya mfumo mzima inayotengenezwa na Windows yenyewe huidai. Mac peke yake, APFS. Linux peke yake, ext4 inatosha watu wengi, na Btrfs au ZFS ni kwa anayetaka mfumo unaokagua kila kipande kwa hesabu ya uhakiki na kusema wazi pale data ilipoharibika yenyewe kwenye diski, mradi yuko tayari kujifunza kuzitunza.

Nyumba au ofisi ikiwa na mchanganyiko, mtu hushawishika kuweka exFAT moja kwa wote. Mimi hushauri diski mbili: ya nakala rudufu ifomatiwe kwa mfumo wa kompyuta ambayo kazi yake inahifadhiwa, na ya kubebea mafaili, hata flashi ya kawaida, iwe exFAT. Karibu kila kisa nilichokieleza hapo juu kilianza pale diski moja ilipotumwa kazi zote mbili, ikachomekwa asubuhi stationery, mchana ofisini na usiku nyumbani. Ikiwa fedha zinatosha diski moja tu na hakuna njia ya kuepuka exFAT, basi ifunge nakala ndani ya faili la kumbukumbu, na usiichomoe kamwe bila kuiagiza itoke.

Diski mpya ifomati kwa ukamilifu na si kwa haraka, hata kama itachukua saa nyingi, kwa maana tangu Windows Vista ufomati kamili huandika diski yote na hivyo hufichua sekta mbovu kabla hujaziamini. Kisha weka faili moja kubwa kuliko GB 4, lihesabu alama yake ya SHA-256, yaani namba ndefu inayotokana na maudhui ya faili na hubadilika yakibadilika, kwa `certutil -hashfile jina_la_faili SHA256` kwenye Windows, `shasum -a 256` kwenye Mac au `sha256sum` kwenye Linux, itoe diski kwa utaratibu, ichomeke kwenye kompyuta nyingine ambayo ungeitegemea kama hii ya kwanza ingeibiwa, na uhesabu tena. Namba zikifanana herufi kwa herufi, chukua kalamu ya kudumu, andika juu ya kasha jina la mfumo wa mafaili na tarehe, ili atakayeichomeka kwenye Windows na kuombwa aifomati ajue kwamba ndani yake mna kitu.